Kibanja na Kisanduku

Ukikaribishwa kwa Mhaya, kabla hujaulizwa umekuja kwa lipi, utaletewa punje chache za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Unachukua mbili tatu, unatafuna polepole, maongezi yanaanza. Wageni huona ni ukarimu tu. Lakini punje hizo zimebeba siasa. Zamani, kabla ya Wajerumani kuweka boma lao Bukoba mwaka 1890, mtu wa kawaida katika falme za Buhaya hakuwa na haki ya kupanda mbuni kwa hiari yake. Mbuni ulikuwa wa omukama, yaani mfalme, na wale aliowakirimu. Aliyetaka kupanda alisubiri ruhusa kutoka kikale, yaani ikulu ya mfalme, na ruhusa hiyo haikuwa ya kila mtu.

Naanzia hapo kwa sababu nimechoka kusikia kura za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, zikielezwa kwa neno moja: nshomile. Yaani watu hawa wamesoma, wanapenda ubishi, ndiyo maana hawatabiriki. Maelezo hayo ni mepesi mno. Ukifuata kumbukumbu za karne nzima, utaona jambo lililo karibu zaidi na udongo. Mtu wa huku humpa kura yule anayeamini atasimama kati ya kibanja chake, yaani shamba la nyumbani kwake, na mkono unaotaka kukigusa. Majina ya vyama yamepita mengi. Swali hilo limebaki.

Nyanga inalionyesha vizuri. Kwenye karatasi ni mji: ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, na wakazi wake hupiga kura katika jimbo la Bukoba Mjini. Kwa macho ni kijiji. Nyumba imezama ndani ya migomba, chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage, na pembeni kuna makaburi ya babu na bibi. Nje ya vibanja ni rweya, nyasi wazi ambako zamani mtu alichunga ng'ombe, akakata majani ya kuezeka au kutandika migombani. Mpaka kati ya kibanja na rweya kila mtu aliujua bila jiwe la mpimaji. Utakapofika mwaka 2015 katika habari hii, mpaka huo utakuwa umeingia kwenye kisanduku.

Turudi nyuma kwanza. Wajerumani hawakuwa na watu wa kutosha kutawala Buhaya wenyewe, wakatawala kupitia kwa abakama, yaani wafalme, waliokubali kushirikiana nao. Aliyefaidika kuliko wote ni Kahigi wa Kianja, ambaye nchi yake ilipanuka kwa gharama ya majirani, Ihangiro ikiwemo, ile ambayo leo ni sehemu kubwa ya Muleba. Wakati huohuo wamisionari, waliokuwa wamefika Kashozi tangu 1892, na maofisa wa kikoloni walihimiza watu wapande kahawa ya kuuza. Amri ya kale ikavunjika. Mkulima mdogo akapanda mbuni kwake, akauza, akapata fedha mkononi, akamlipia mtoto ada ya shule ya misheni.

Mkono mwingine ukanyooka mara moja. Abakama na jamaa zao walianza kugawiana maeneo yenye watu tayari chini ya utaratibu wa nyarubanja. Mtu alilala mwenye kibanja, akaamka mtwarwa, mpangaji katika ardhi aliyoilima baba yake, akidaiwa ndizi, pombe, kazi, na baadaye kahawa au fedha. Akibisha, anaweza kuondolewa. Siasa za kisasa za Buhaya zilizaliwa humo, katika hasira ya mtu aliyeondolewa kwenye makaburi ya kwao.

Mwaka 1924 makarani na walimu, Klemens Kiiza akiwa miongoni mwao, walianzisha Bukoba Bahaya Union. Mwanzoni lilikuwa jambo la wasomi wa mjini wakizungumzia maendeleo. Kahawa ndiyo iliyowaunganisha na wakulima. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilileta sheria za kutunza mibuni na kukausha kahawa, ikasema inazuia magonjwa na kuinua ubora. Mkulima alisikia jambo jingine: bwana shamba anaingia kibanjani, anamwambia mbuni upi ung'olewe, na asipotii anapelekwa barazani. Kiiza na wenzake walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa, Native Growers Association, nacho kikapinga. Mapema 1937 mikutano iligeuka ghasia, polisi wakaingia, viongozi wakafungwa. Wakati huo hapakuwa na kura. Kilichokuwepo ni watu kukusanyika na kukataa kutawanyika. Ukitaka kujua kura ya kwanza ya Buhaya, kwangu mimi ni hiyo.

Ya pili ilikuwa Kamachumu, kwenye kilima cha Muleba, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Safari hii mgogoro ulikuwa migomba. Fukusi walikuwa wameshambulia, na serikali ikatoa amri za usafi wa shamba zilizoruhusu watumishi wake kuingia na kung'oa. Lazima mtu ajue mgomba ni nini huku ili aelewe. Ndizi ni chakula cha kila siku, ndizi ni pombe ya harusi na ya msiba, mgomba ni uthibitisho kwamba hapa pana mtu na pana ukoo. Kuuona unakatwa na mgeni mwenye daftari ni fedheha ambayo mzee hasahau. Ali Migeyo, Mwislamu, mwanasiasa asiye na shahada yoyote ya misheni, alisimama mbele ya umati na kusema waziwazi yale ambayo watu walikuwa wakiyanong'ona. Mkutano ulitawanywa kwa mabomu ya machozi, Migeyo akatiwa gerezani. TANU ilipozaliwa Julai 1954 kutokana na chama kilichoitangulia, TAA, Buhaya haikuhitaji kufundishwa maana yake. Watu walijua ni chama cha akina Migeyo.

Hapo naomba msomaji atulie kidogo, maana kuna jambo ambalo hupotea watu wanapogawa siasa za Kagera kwa dini. Kanisa Katoliki hapa lina nguvu kubwa. Laurean Rugambwa, askofu aliyeanzia kazi yake Rutabo, alifanywa mwaka 1960 kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Walutheri nao wana mizizi mirefu. Na bado aliyebeba sauti ya wakulima wa Kamachumu alikuwa Mwislamu. Walimfuata kwa sababu ya migomba.

Kura ya karatasi ilifika mwaka 1958 na 1959, na ilifika kwa mlango mwembamba. Kujiandikisha kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akiacha mmoja, kura imeharibika. TANU ilibishana juu ya hilo Tabora mwezi Januari 1958 na ikaamua kushiriki. Mwalimu wa misheni alipenya masharti hayo, karani wa ushirika alipenya, mkulima mwenye mibuni mingi pengine alipenya. Mama aliyeshika jembe tangu alfajiri hakupenya.

Katika kipindi hicho alipanda George Kahama, na njia yake inasema mengi. Hakupitia ukoo wa kifalme wala upadri. Alikuwa meneja mkuu wa Bukoba Native Cooperative Union, ushirika ulioanzishwa 1950 na ambao kahawa ya wilaya ilipita mikononi mwake, naye alikuwa hajafikisha miaka 30. Kutoka kwenye mizani ya kahawa alikwenda Baraza la Kutunga Sheria, kisha uwaziri katika serikali ya Nyerere. Watu walimwamini kwa sababu walikuwa wameshuhudia anavyosimamia fedha ya mbuni wao.

Baada ya uhuru utawala wa abakama ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka huohuo, katika uchaguzi wa halmashauri ya Bukoba, wagombea wa kujitegemea, wengi wao Wakatoliki, waliwashinda baadhi ya watu waliosimamishwa na TANU. Chama kilikasirika, na wapo hadi leo wanaoeleza tukio hilo kama hila ya kanisa. Nadhani walikosea kusoma. TANU ilipewa imani yake Kamachumu kwa sababu ilisimama na mkulima dhidi ya afisa. Miaka kumi baadaye afisa alikuwa TANU, na mkulima alitafuta wa kusimama naye.

Jibu la Nyerere kwa nchi nzima lilikuja Septemba 1965: chama kimoja, wagombea wawili kwa kila jimbo. Mkutano mkuu wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ikateua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Walizunguka pamoja, walipanda jukwaa moja mbele ya viongozi wa chama, walikatazwa kugusa kabila, dini au rangi. Na walitakiwa kusema Kiswahili.

Kanuni hiyo ya lugha nataka kuitazama kwa karibu. Fikiria mkutano chini ya mti mkubwa, wazee wamekaa mbele kwenye nyasi wakiwa na fimbo zao, akina mama nyuma na watoto mgongoni. Mgombea ni mtoto wa huku, kila mtu anamjua baba yake. Wakikutana njiani angemwita mzee Ta na jina lake, angemsikiliza kwa "waitu" tano za heshima kabla ya kusema lake. Jukwaani anazungumza Kiswahili, lugha ambayo baadhi ya waliokaa mbele wanaisikia nusunusu. Hawezi kutaja ukoo, hawezi kutumia methali ya Kihaya, hawezi kuomba msamaha kwa namna wazee wanavyotarajia. Kinachobaki mbele ya macho ni picha mbili, jembe na nyumba. Wapo walioona kwamba hiyo iliua siasa. Mimi naona iliwafanya watu waangalie maisha ya mgombea badala ya ulimi wake: ana kibanja au hana, amekitunza au amekiacha kiote magugu, aliwahi kumshtaki jirani kwa sababu ya mpaka. Katika nchi nzima mwaka huo wabunge wengi waliangushwa, hata Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa. Kisanduku kilikuwa na chama kimoja ndani yake na bado kiliuma.

Mwaka huohuo wa 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 sheria nyingine ikamaliza kazi. Watwarwa wakawa wenye vibanja. Sijui sheria yoyote ya Tanzania iliyoingia ndani kabisa ya nyumba za Buhaya kama hizo mbili. Kwa wazee wengi, uaminifu wao kwa TANU na baadaye CCM haukutokana na Azimio la Arusha. Ulitokana na siku walipoacha kudaiwa.

Miaka ya 1970 naipita haraka. Ujamaa haukuhamisha watu wengi hapa kwa sababu vibanja vilikuwa vimebanana tayari. Vijiji vilichorwa palepale watu walipoishi. Kilichouma ni kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976, kahawa ikaenda kwa mamlaka ya serikali. Kisha ikaja vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978, na mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto uliopiganiwa, Kagera.

Lakini mwaka 1983 lazima nisimame. Hospitali ya Ndolage, Muleba, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa. Katika miaka iliyofuata vibanja vilibaki na wajane na watoto. Mila ya Kihaya ilimpa mwanamke nafasi ya kulima na kula, sio ya kumiliki ardhi ya ukoo moja kwa moja wala kuiuza. Mume akishazikwa, shemeji alisogea mpakani. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithishwa na baba yake, na mpwa wake akapinga mauzo. Jaji alisema mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki zilizomo kwenye Katiba. Hukumu hiyo inafundishwa vyuo vikuu vya sheria. Huku nyumbani ilizungumzwa jikoni na kwenye vilabu vya rubisi, pombe ya ndizi, na si kwa sauti moja.

Siwezi kuthibitisha kwa hesabu kwamba jambo hilo lilibadili kura. Naliona tu katika mfuatano. Muleba Kaskazini ilimpeleka bungeni Ruth Msafiri mwaka 2000, akakaa hadi 2010. Mwaka 2010 Muleba Kusini ilimchagua Anna Tibaijuka, aliyekuwa ametoka kuongoza UN-Habitat Nairobi, na kabla ya hapo aliongoza BAWATA, baraza la wanawake lililozuiwa na serikali katika miaka ya 1990. Wote wawili walishinda majimbo, hawakupitia viti maalumu. Katika wilaya ya wakulima na wavuvi, yenye watu 540,310 kwa sensa ya 2012 na visiwa kama Bumbire na Goziba vinavyohitaji mitumbwi kupeleka masanduku, hilo si jambo la bahati.

Desemba 2014 Tibaijuka aliondolewa uwaziri wa ardhi na Rais Kikwete katika sakata la fedha za akaunti ya Escrow. Magazeti ya Dar es Salaam yalimzika kisiasa. Miezi kumi baadaye Muleba Kusini ilimrudisha bungeni. Wengine walisema ni ujinga wa wapiga kura vijijini. Mimi nasema walipima kitu ambacho magazeti hayakukipima: waliulizana ni nani amewahi kusikika akiwatetea katika mambo ya ardhi na ya shule za watoto wao, wakajibu kwa karatasi.

Bukoba Mjini ilikuwa na historia nyingine. Mwaka 2000 mji huu wa makanisa ulimchagua Wilfred Lwakatare wa CUF, chama ambacho wapinzani wake walikuwa wakikiita cha Waislamu na cha pwani. Lwakatare ni Mkristo wa hapa hapa, akawa kiongozi wa kambi ya upinzani bungeni. Mwaka 2005 na 2010 ushindi ulikwenda kwa Khamis Kagasheki wa CCM, Mwislamu, katika jimbo lenye Wakristo wengi. Anayetaka kueleza mji huu kwa misikiti na makanisa, matokeo hayo mawili yanamtosha.

Kisha ukaja mpaka ule wa rweya. Halmashauri ilikuwa na mipango mikubwa: soko jipya, kituo kipya cha mabasi Kyakairabwa, na upimaji wa viwanja 5,000 katika kata za pembezoni zenye sura kama ya Nyanga. Upimaji wa viwanja ni neno zuri ofisini. Kibanjani ni vijana wenye kofia na kamba wakipigilia vigingi kati ya mgomba na kaburi, na barua ya fidia inayokuja baadaye. Watu waliuliza nani anapimiwa, nani analipwa, kiwanja kikishapimwa kinauzwa kwa nani. Madiwani wa CCM wenyewe walipasuka, wengine na meya wa wakati huo Anatory Amani, wengine na Kagasheki aliyeitilia shaka miradi hiyo. Mwaka 2013 chama mkoani kiliwafukuza madiwani wanane, makao makuu yakatengua. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akaingia, na mwanzoni mwa 2014 meya akatangaza kuondoka. Kwa muda mrefu vikao vya halmashauri havikufanyika ipasavyo. Mtu wa Nyanga aliyekuwa na kigingi shambani hakuwa na wa kumuuliza.

Tarehe 25 Oktoba 2015 ilikuwa Jumapili. Watu walitoka ibadani wakaenda kupanga foleni. Jioni, baada ya kuhesabu, msimamizi hubandika matokeo ukutani: fomu 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Watu husogea na tochi za simu. Anayesoma kwa sauti huitikiwa na waliosimama nyuma, na kila tarakimu hurudiwa kama jina la mtu msibani. Fomu hizo tatu kwa pamoja ndizo zinazoonyesha mwenendo wa kura kuliko takwimu za mkoa, maana mtu yuleyule aliweza kumpa huyu urais na yule ubunge. Lwakatare, safari hii kwa tiketi ya CHADEMA, alimshinda Kagasheki, na chama chake kikachukua umeya. Kagasheki alikuwa amebishana na miradi ileile iliyowaudhi watu, na haikumwokoa, kwa sababu kigingi kilikuwa cha halmashauri ya chama chake. Siku hiyohiyo, mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya lami kuelekea kusini, Muleba Kusini ilikuwa ikimrudisha Tibaijuka kwa CCM.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi na kuua watu wasiopungua 17. Rais Magufuli alipofika Januari 2017 aliwaambia wananchi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Maneno hayo yalikaa.

Baada ya hapo kumbukumbu zinapungua. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa nchini, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2020 Bukoba Mjini ilikwenda kwa Stephen Byabato wa CCM. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi kabisa, baada ya Tume ya Uchaguzi kuizuia mwezi Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili. Nimezoea kusoma fomu za Nyanga nikilinganisha ya urais na ya ubunge, ya ubunge na ya udiwani, kutafuta mahali mkono wa mpiga kura uliposita. Fomu yenye upande mmoja haina mahali pa kusoma. Inaniuma, kwa kuwa najua watu hawa walivyokuwa wakijibu hata walipopewa jembe na nyumba tu.

Vigingi vingine bado vipo. Kuna kimoja ninachokijua, kimesimama hatua nne kutoka kwenye kaburi la mzee aliyezaliwa mtwarwa akafa mwenye kibanja. Wajukuu wamepanda mbuni mpya upande wa ndani wa kigingi, na mwingine upande wa nje.